Maikrowevu, mchanga na mshumaa: mwongozo kamili wa kuonyesha jinsi mawimbi yanavyolegeza mafuta kisimani

Asubuhi ya Julai hapa Arusha, chupa ya mafuta ya nazi huamka imeganda, nyeupe kama samli. Msusi hahangaiki nayo. Anaizamisha kwenye kikombe cha maji ya moto, anasubiri kidogo, mafuta yanaanza kumiminika, kazi inaendelea. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25 hivi, na baridi yetu ya katikati ya mwaka hupita hapo bila taabu.

Mafuta ghafi ya Uganda yana tabia hiyohiyo, tena kwa ukali zaidi. Yamejaa nta, na hata kwenye joto la kawaida la mchana yanashikana. Ndiyo maana bomba linaloyatoa Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limebuniwa kwa tabaka la kuzuia joto lisipotee pamoja na nyaya za umeme za kuyapasha, ili yabaki juu ya nyuzi 50 njia nzima. Bomba unaweza kulivisha na kulizungushia waya. Je, mafuta ambayo bado yamo ndani ya mwamba, mamia ya mita chini ya ardhi, utayapashaje?

Njia iliyozoeleka ni kupuliza mvuke. Njia nyingine, ambayo wahandisi wameijaribu kwa miongo kadhaa, ni kuteremsha antena kisimani na kuupasha mwamba kwa mawimbi ya sumakuumeme. Mwanafunzi akisikia hivyo husema: "Mwalimu, hiyo si maikrowevu?" Amepatia. Mwongozo huu ni wa mwalimu wa fizikia au mlezi wa klabu ya sayansi mwenye maikrowevu moja ya zamani, ndoo ya mchanga na mishumaa michache, anayetaka kuwaonyesha vijana kwa macho yao jambo lililojaribiwa Alberta, Kanada, na kwa ajili ya visima vya Bahari ya Kaskazini, Ulaya. Nimeuandika kwa sababu mada ya mawimbi ya sumakuumeme tunaifundisha ubaoni tu, wanafunzi wanakariri mpangilio wa mawimbi kuanzia redio hadi gama, halafu basi. Na hapa kwetu jambo hili haliko mbali tena: Bonde la Eyasi Wembere, ambalo sehemu yake imo mkoani Arusha, linatafitiwa mafuta na TPDC, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania.

Kinachotokea kisimani

Watu wengi hudhani wimbi linayapasha mafuta. Kwa kiasi kikubwa sivyo. Molekuli ya maji ina upande chanya na upande hasi, kama sumaku ndogo yenye ncha mbili. Wimbi likipita, molekuli inajaribu kugeuka kulifuata. Katika maikrowevu ya nyumbani wimbi hugeuka mara bilioni 2.45 kwa sekunde, yaani gigahezi 2.45. Molekuli haziwezi kufuata kasi hiyo kwa utulivu, zinasuguana na jirani zake, na msuguano huo ndio joto. Nta, dizeli na sehemu kubwa ya mafuta ghafi ni minyororo ya kaboni na haidrojeni isiyo na ncha za namna hiyo. Wimbi linaipitia kama mwanga unavyopita kwenye kioo.

Mwamba wenye mafuta, hata hivyo, haukosi maji. Maji hayo yameng'ang'ania chembe za mchanga, mara nyingi yana chumvi, na mafuta yamejaza nafasi zilizobaki. Maji yanakamata wimbi, yanapata joto, yanaupasha mchanga, na mchanga unayapasha mafuta. Kwa hiyo swali la kwanza la mhandisi kabla ya kuuliza nguvu ya antena ni hili: maji yako wapi, na ni kiasi gani? Majaribio yote hapa chini yamepangwa kulizunguka swali hilo.

Masafa, yaani mara ngapi wimbi linageuka kwa sekunde, nayo yana uzito wake. Kwenye gigahezi 2.45 urefu wa wimbi hewani ni sentimita 12 na kidogo, na ndani ya maji baridi nguvu nyingi huishia kwenye sentimita mbili za mwanzo. Kisima hakiwezi kuridhika na sentimita mbili. Ndiyo maana wahandisi wakitaka kwenda mbali hushuka kwenye masafa ya redio, kwa mfano megahezi 13.56, ambayo wimbi lake hewani lina urefu wa mita 22. Wakishuka zaidi hadi masafa ya umeme wa kawaida, hezi 50 au 60, jambo linabadilika kabisa: pale si wimbi tena bali mkondo wa umeme unaopita kwenye maji ya chumvi na kuyapasha kama koili ya jiko.

Vifaa

Tafuta maikrowevu ya kawaida yenye sahani inayozunguka. Ikitumika kwa majaribio haya, isirudi jikoni kamwe. Bandika karatasi mlangoni: SI YA CHAKULA. Utahitaji kipimajoto cha jikoni cha kidijitali chenye ncha ndefu, mizani ndogo ya jikoni, saa ya simu, vikombe vya kioo kinene vinavyofanana (vitano au sita), bakuli pana la plastiki linaloshika lita moja na ziada, mishumaa myeupe isiyo na rangi wala harufu, mafuta ya kupikia, chupa ya mafuta ya nazi, bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano, vijiti vya mishikaki, na sumaku. Spika mbovu inatoa sumaku nzuri sana, na fundi redio yeyote anazo kabatini. Weka pia glavu za kushikia sufuria, miwani ya maabara, na redio ndogo ya betri.

Mchanga nitauzungumzia peke yake, kwa sababu hapa Arusha mchanga una hila.

Usalama, kabla ya kuchomeka plagi

Soma sehemu hii kwa sauti mbele ya wanafunzi. Mimi husoma kila mara, hata kwa kundi lililoisikia wiki iliyopita.

Usitumie mafuta ghafi, petroli, dizeli, mafuta ya taa wala thina ndani ya maikrowevu, hata tone. Mvuke wake unashika moto kwa cheche moja. Tunatumia nta ya mshumaa na mafuta ya chakula kama mfano, na mfano unatosha.

Usifungue bodi ya maikrowevu. Ndani yake mna kapasita inayoweza kushikilia volti elfu mbili au zaidi hata baada ya plagi kuchomolewa. Mlango ukiwa umepinda, kioo kimepasuka, bawaba zimelegea au wavu wa chuma umetoboka, tupa mashine hiyo. Kiwango cha juu cha mvujo wa mawimbi kinachokubalika kimataifa ni miliwati 5 kwa sentimita ya mraba, ukipima sentimita 5 kutoka mlangoni, na kuna watu hudanganyana kuwa unaweza kupima kwa kuweka simu ndani na kuipigia. Jaribio hilo halikuambii kitu cha maana. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo akae chumba kingine.

Kila jaribio liwe na glasi ya ulinzi, yaani glasi ya maji ya mililita 250 kwenye kona ya ndani. Kitu kisichokamata wimbi kikiwa peke yake ndani, nguvu inarudi kwenye magnetroni, kifaa kinachozalisha mawimbi, na kuiharibu. Ndani ya glasi hiyo chomeka kijiti cha mshikaki, kwa sababu maji yaliyotulia kwenye glasi laini yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kutoa povu, kisha yakaruka ghafla usoni ukiyagusa. Hakuna chombo chenye kifuniko kilichofungwa. Hakuna karatasi ya aluminiamu ndani.

Kuhusu nta nina jambo la kusimulia. Mwaka wangu wa kwanza wa jaribio hili nilimimina nta kwenye bomba refu la kioo, nikaiacha igande, nikaipasha. Nta ya chini iliyeyuka kabla ya ya juu. Nta ikiyeyuka hutanuka, zaidi ya sehemu kumi katika mia, na ile ya juu ilikuwa bado kizibo kigumu. Bomba lilipasuka. Mlango ulikuwa umefungwa, hakuna aliyeumia, ila nilijifunza kile ambacho waendeshaji wa visima wanakijua: kizibo cha nta kinayeyushwa kuanzia upande wenye njia ya kutokea. Tangu hapo natumia vikombe vya mdomo mpana na nta iliyokwanguliwa, basi.

Hatua ya 1: Pima nguvu halisi ya mashine yako

Nambari iliyoandikwa mgongoni ni ahadi ya kiwandani. Mashine ya zamani hutoa chini ya hapo. Mimina lita moja ya maji ya bomba kwenye bakuli la plastiki, koroga, pima joto, andika. Pasha kwa nguvu kamili sekunde 60. Toa, koroga vizuri kwa kijiti, pima tena mara moja.

Lita moja ya maji inahitaji juli 4,180 kupanda uzi mmoja. Gawanya kwa sekunde 60, unapata karibu 70. Kwa hiyo zidisha idadi ya nyuzi zilizopanda kwa 70, jibu ni wati. Maji yakipanda kutoka nyuzi 20 hadi 30, mashine yako inaweka wati 700 ndani ya maji. Rudia mara tatu kwa maji mapya ya baridi, uchukue wastani.

Fanya hivi asubuhi. Jioni mtaa mzima ukiwasha majiko na hita, volti zinashuka chini ya 230 na nguvu ya magnetroni inashuka nazo. Utapima saa moja jioni upate kitu kingine kabisa. Mwanafunzi makini atauliza pia umeme unaobaki unakwenda wapi, maana mashine inayoweka wati 700 kwenye maji hula kama wati 1,200 kutoka kwenye soketi. Mwambie aweke mkono nyuma ya mashine asikie hewa ya moto inayotoka. Kwa hesabu ya Luku, nusu saa nzima ya kupasha ni uniti 0.6 tu.

Tumia nguvu kamili siku zote. Kwenye mashine nyingi za bei ya chini, kitufe cha "nusu" hakipunguzi wimbi, kinawasha na kuzima kwa zamu, na vipimo vyako vya sekunde 30 vitavurugika.

Hatua ya 2: Lione wimbi lenyewe

Hili ndilo jaribio linalopendwa kuliko yote, na halina gharama. Kusanya risiti za EFD. Karatasi yake hubadilika kuwa nyeusi ikipata joto, ndivyo mashine ya risiti inavyoandika bila wino. Toa kigurudumu cha sahani ili isizunguke. Geuza sahani juu chini, tandika karatasi ya shashi iliyoloweshwa na kukamuliwa, juu yake panga risiti upande unaoandikwa ukiwa chini, ushikane na unyevu. Glasi ya ulinzi iwe konani. Pasha sekunde 10 hadi 15, ukitazama, na uzime mara madoa yanapojitokeza. Fungua dirisha la darasa, na mnawe mikono baada ya kushika risiti.

Utaona madoa meusi yametengana. Hayo ni maeneo ambako mawimbi yanayogonga kuta na kurudi yanaimarishana. Umbali kati ya kitovu cha doa na kitovu cha doa jirani ni nusu ya urefu wa wimbi. Ukipata sentimita 6.1, urefu wa wimbi ni sentimita 12.2, yaani mita 0.122. Zidisha kwa 2,450,000,000 na unapata karibu mita 299,000,000 kwa sekunde: kasi ya mwanga, imepimwa kwa risiti ya dukani. Madoa mengine yatakuwa yameungana au yamepinda, chagua yaliyo wazi na mpime jozi kadhaa.

Somo la kisima lililomo hapa ni kwamba joto halisambai sawasawa. Antena kisimani nayo huunda sehemu za moto na za baridi, na mhandisi hupanga umbo lake kwa kuzingatia hilo. Rudisha kigurudumu cha sahani kabla ya kuendelea.

Hatua ya 3: Andaa mchanga, na uujaribu kwa sumaku

Mchanga wetu unaotoka kwenye mito ya Meru ni wa volkano, mweusi mweusi. Funga sumaku kwenye kipande cha nailoni, ipitishe ndani ya mchanga mkavu. Chembe nyeusi zikiota kama ndevu, hiyo ni magnetaiti, madini ya chuma. Magnetaiti inakamata wimbi la maikrowevu vizuri hata ikiwa kavu kabisa. Ukitumia mchanga huo kuonyesha kuwa "mchanga mkavu haupati joto", jaribio litakuumbua mbele ya darasa.

Tafuta mchanga mweupe wa pwani au ule unaouzwa kwa ajili ya vichujio vya maji. Ukikosa, pitisha sumaku mara nyingi hadi isiote kitu. Uoshe, kisha ukaange kwenye sufuria juu ya jiko kama unavyokaanga karanga, ukikoroga, hadi uwe mkavu kabisa. Uache upoe hadi joto la chumba. Usikimbilie hatua hii, kwa sababu unyevu kidogo tu unaobaki utabadilisha majibu.

Mchanga mweusi usiutupe. Weka kikombe kimoja pembeni, kwa kuwa una kazi yake. Watafiti wanachunguza namna ya kuingiza chembe ndogo mno za oksidi ya chuma ndani ya mwamba wa mafuta ili zikamate wimbi pale ambapo maji ni haba. Mwanafunzi wa Arusha anaweza kuliona wazo hilo kwa mchanga wa mtoni kwake.

Hatua ya 4: Nani anakamata wimbi?

Andaa vikombe vitano vyenye gramu 100 kila kimoja: maji, mafuta ya kupikia, mchanga mweupe mkavu, mchanga mweupe uliochanganywa na maji (gramu 85 za mchanga, 15 za maji), na mchanga mweusi mkavu. Vyote viwe vimekaa pamoja hadi vifikie joto moja. Pasha kimoja kimoja, mahali palepale juu ya sahani, sekunde 30, kila mara na glasi mpya ya ulinzi yenye maji baridi. Koroga na upime.

Hapa wanafunzi hukosea kwa kulinganisha nyuzi peke yake. Mafuta yanahitaji karibu nusu ya joto linalohitajiwa na maji kupanda uzi mmoja (juli 2 kwa gramu dhidi ya 4.18), na mchanga unahitaji pungufu ya hapo, kama 0.8. Kwa hiyo badilisha nyuzi ziwe nishati: zidisha gramu, nambari hiyo, na nyuzi zilizopanda. Tuseme mafuta yamepanda nyuzi 12 na maji nyuzi 18. Ukitazama kipimajoto utasema yanakaribiana. Kwa nishati, mafuta yamechukua juli 2,400 na maji zaidi ya 7,500.

Mafuta ya kupikia yatapanda, usishangae. Molekuli zake zina oksijeni mwishoni na hivyo zina ncha kidogo. Nta ya mshumaa haina, ndiyo maana hatua inayofuata inatumia nta.

Hatua ya 5: Kisima chako kidogo cha nta

Kwangua mshumaa kwa kisu upate vipande vidogo kama jibini iliyokwanguliwa. Tayarisha vikombe vitatu. Cha kwanza, gramu 40 za nta peke yake. Cha pili, gramu 40 za nta zilizochanganywa na gramu 120 za mchanga mweupe mkavu. Cha tatu, mchanganyiko huohuo ila mchanga ulowe gramu 20 za maji ya chumvi kabla hujatia nta. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji kinatosha.

Waambie wanafunzi waandike utabiri wao kwanza. Wengi watasema kikombe cha nta tupu kitayeyuka mapema, kwa kuwa hakina mchanga wa "kuzuia".

Pasha kikombe kimoja kwa vipindi vya sekunde 30, ukifungua kila baada ya kipindi kutazama na kupima, jumla isizidi dakika tatu. Nta tupu itabaki vipande vipande, imepata vuguvugu labda kutoka kwenye kioo. Ya mchanga mkavu vilevile. Kwenye kikombe cha tatu utaona kwanza jasho kwenye ukuta wa kioo, kisha mvuke mwembamba, kisha vipande vyeupe vinaanza kuangaza pembeni na kuzama ndani ya mchanga. Nta ya mshumaa huyeyuka kati ya nyuzi 50 na 60 hivi, na maji yanaifikisha hapo.

Wakati huo darasa hunyamaza. Nta ileile, mashine ileile, dakika zilezile. Tofauti ni vijiko vinne vya chai vya maji.

Endelea kidogo kwa uangalifu uone jambo la pili. Joto la kikombe cha tatu litapanda hadi kwenye nyuzi 95 hivi na kugoma hapo. Arusha iko mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95. Moshi, iliyo chini zaidi, ni karibu 97. Maji yanapochemka nishati yote inakwenda kwenye mvuke. Mvuke ukianza kupungua, zima. Hiyo ni kanuni ya usalama, kwa kuwa nta isiyo na maji ya kuizuia haitakiwi kuendelea kupashwa, na ni kanuni ya kisima pia. Karibu na antena maji hukauka kwanza. Sehemu iliyokauka haikamati tena wimbi, kwa hiyo wimbi linaipita na kwenda kugonga maji yaliyo mbele. Eneo la moto linasogea nje hatua kwa hatua, kama moto wa nyikani unaoacha nyuma yake ardhi isiyo na cha kuungua. Mvuke unaotengenezwa mle mle mwambani nao unasukuma mafuta.

Kanuni hii imetumika juu ya ardhi vilevile. Visima vya baharini vikichimbwa kwa tope lenye mafuta, vipande vya mwamba vinavyopanda juu huwa vimechafuka. Katika Bahari ya Kaskazini havitakiwi kutupwa majini vikiwa na mafuta zaidi ya asilimia 1 ya uzito. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, walionyesha kuwa ukivipitisha kwenye maikrowevu yenye nguvu, maji yaliyo ndani ya vipande yanageuka mvuke ghafla na kuyafagia mafuta nje. Kikombe chako cha tatu ni hicho hicho kwa udogo.

Hatua ya 6: Wimbi linafika wapi?

Jaza bakuli la plastiki mchanga ulioloweshwa hadi maji yaanze kuonekana juu. Pasha sekunde 90 bila kukoroga. Chomeka kipimajoto sentimita moja kutoka ukingoni, kisha tatu, kisha katikati, haraka. Pembeni pana joto, katikati pamezubaa. Kila mtu aliyewahi kupasha kiporo cha wali akakuta katikati ni baridi ameshalifanya jaribio hili.

Hatua ya 7: Redio ndani ya sufuria

Washa redio ya betri kwenye stesheni ya FM inayosikika vizuri, iweke ndani ya sufuria, funika. Mfuniko ukikaa sawasawa sauti inageuka mikwaruzo. Ukiuinua kidogo inarudi. Chuma kinalirudisha nyuma wimbi.

Wachimba visima vya maji wa hapa wanajua keisingi ni nini: bomba linalovishwa kisima kisiporomoke. Visima vya mafuta huvishwa chuma. Antena ikiwa ndani ya keisingi ya chuma ni redio ndani ya sufuria. Kwa sababu hiyo sehemu inayolenga mwamba wa mafuta huachwa wazi au huvishwa bomba la faiba. Tatizo jingine ni njia ya kushusha nguvu. Ukizalisha wimbi juu na kulipeleka chini kwa kebo ndefu, sehemu yake inapotea njiani na kuipasha kebo; ukiteremsha jenereta chini, vifaa vyake vinakutana na joto na shinikizo visivyovizoea. Kwa maoni yangu hapa ndipo mbinu hii imekwama kuliko kwenye fizikia yake.

Hatua ya 8: Joto linafanya nini kwa mnato (ugumu wa kumiminika)

Chukua mafuta ya nazi. Yapashe kwenye bakuli la maji ya moto hadi nyuzi 25, 35, 45 na 55. Kila mara vuta mililita 20 kwa bomba la sindano, toa pistoni, hesabu sekunde hadi yaishe kutiririka kwenye tundu. Chora grafu. Itashuka kwa kasi mwanzoni kisha itatulia.

Sasa wape nambari za Alberta, Kanada. Lami iliyo kwenye mchanga wa Athabasca, katika joto lake la asili la nyuzi 10 hivi, inaweza kuwa na mnato unaozidi mara milioni ule wa maji. Ikipashwa kupita nyuzi 200, mnato unashuka hadi kama mara kumi tu ya maji. Mhandisi Roger Butler wa Imperial Oil ndiye aliyebuni, miaka ya 1970, njia ya visima viwili vya mlalo: cha juu kinapuliza mvuke, cha chini kinakusanya mafuta yanayochuruzika. Njia hiyo inafanya kazi, ila inakula maji mengi na gesi nyingi ya kuyachemsha. Mwanzoni mwa 2012 kwenye mgodi wa Steepbank wa kampuni ya Suncor lilifanyika jaribio la kuweka antena badala ya mvuke. Waulize vijana wapige hesabu: mvuke unachemshwa kwa gesi moja kwa moja, wimbi linatoka kwenye umeme ambao nao umetoka kwenye gesi au maji, na tayari katika Hatua ya 1 wameona wati 1,200 zikiwa 700. Ni lini wimbi litakuwa na faida? Kundi moja lilinijibu: mahali ambapo maji ya kuchemsha ni haba, au mwamba umebana kiasi kwamba mvuke haupenyi. Sikuwa na la kuongeza.

Ukimaliza

Nta usiimwage kwenye sinki. Itaganda kwenye bomba la maji machafu na utakuwa umejitengenezea kizibo halisi. Acha vikombe vipoe, chokonoa nta na mchanga kwa kijiti, weka kwenye gazeti, tupa na taka ngumu. Mafuta ya kupikia yaliyopashwa yarudishe kwenye chupa yake uandike "majaribio", yatafaa mwaka ujao. Futa ndani ya maikrowevu kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, hasa bati dogo la kijivu la maika lililo ubavuni, kwa sababu mafuta yakirukia pale yatatoa cheche siku nyingine. Mchanga mweupe uoshwe, uanikwe, na ufungwe kwenye mfuko wake mbali na ule mweusi.

Vijana wakikuomba kurudia Hatua ya 5 kwa gramu 5 za maji badala ya 20, wakubalie. Kisha kwa gramu 40. Wachore grafu ya dakika za kuyeyuka dhidi ya kiasi cha maji. Watagundua kwamba maji kidogo mno yanachelewesha, na maji mengi mno nayo yanachelewesha, kwa kuwa nguvu inaishia kuyapasha maji yenyewe. Katikati pana kiasi kinachofaa, na watakipata wenyewe kwa mizani ya jikoni.